Likasi tuliambiwa kila mtu alete vision yake, nasi tukaenda kufunga na kuomba

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninachoshusha hapa si chai. Anayetaka chai aende jukwaa la mapenzi, kule inachemshwa mchana na usiku. Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Likasi, Kongo, siku hizi nipo Tunduma. Mengine ya maisha yangu niachieni.

Aliyenichokoza ni binti yangu Mado. Ofisi yao imewapeleka hotelini kutengeneza "shared vision". Karudi na fulana, kalamu mbili na habari za buffet. Nikamuuliza, haya, hiyo vision yenyewe inasemaje? Akaanza kuitafuta kwenye simu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alikuwa bado ananyonya wakati sisi tunatengeneza ya kwetu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire. Likasi ilikuwa inaishi kwa kampuni la shaba. Ndilo lililolipa, lililotibu, lililosomesha watoto, na kila mwezi likatoa gunia la unga kwa kila nyumba. Sisi wake wa wafanyakazi hata bei ya unga sokoni hatukuijua. Tulikuwa tunaringa kweli, nisidanganye.

Halafu likaanza kufa. Mshahara ukachelewa, mwisho ukasahaulika kabisa. Unga nao ukakata. Wanaume wakaendelea kuvaa ovaroli asubuhi, wanakwenda kukaa kwenye karakana isiyo na kazi, jioni wanarudi wamechoka kwa kukaa.

Mume wangu, ambaye mtaani tulimwita Papa Mado, alikuwa fundi wa mashine humo. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabika. Akaanza kutaja Tshangalele, ziwa lililo upande wa Mwadingusha, ambako binamu yake alikuwa anavua samaki.

Kila akilitaja mimi nageuza maneno. Nilishawaona waliokwenda ziwani au kwenye mashimo ya madini "kwa muda kidogo". Huo muda kidogo ulizaa bibi mwingine, yaani mke, na watoto wengine.

Niliogopa, wakuu. Nilimpenda yule mtu na nilikuwa naogopa.

Ndipo tukasikia kuna shirika la wafadhili linatoa mashine ya kusaga mahindi kwa mtaa utakaojipanga vizuri. Mashine inataka fundi. Na fundi wa mtaa wetu ni nani? Hesabu yangu mnaiona. Wenzangu walitaka maendeleo, mimi nilitaka chuma cha kumfunga mume wangu nyumbani.

Tukaunda chama. Mwenyekiti Mama Béa, muuza maandazi, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Makamu wake Papa Kapita, aliyekuwa msimamizi kwenye kampuni na bado anatuita mkutanoni kwa filimbi. Mshauri wa kiroho Pasta Elie, maana kwetu chama bila pasta hakifiki jioni.

Shirika likamtuma Monsieur Anaclet kutoka Lubumbashi. Mkoba mweusi, kadi za rangi na kalamu nene za kila aina. Habari za mashine hakutaka hata kuzisikia.

"Mashini njo ya mwisho," akatuambia. "Kwanza vision. Kila muntu, mama na papa, arudie ku nyumba atafute vision yake. Juma ingine tutaziunganisha, zikuwe vision moja ya bantu bote. Kama moja tu anakosa, projet inaenda Kapolowe."

Kapolowe ni mji wa jirani. Akafunga mkoba, akaondoka.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Kwetu neno vision lilikuwa na kazi moja tu, ya kanisani. Vision haitengenezwi na mtu. Unafunga, unaomba, Mungu anakuonyesha. Kwa hiyo vumbi la gari lake halijatua, Pasta Elie alishatangaza mfungo.

Kufunga kwenyewe kulikuwa rahisi, chakula hakikuwepo.

Juma lililofuata tukajaa kanisani, macho yameingia ndani. Monsieur Anaclet alifurahi kuona watu wote wale. Akamkaribisha mwenyekiti.

"Minye nilionaka mashini inashuka toka mbinguni," akasema Mama Béa. "Nyeupe pee! Inashuka, inashuka, inakuya kukaa mu parcelle yangu, pembeni ya robinet."

Parcelle ni kiwanja cha nyumba. Robinet ni bomba la maji, na lake lilikuwa halitoi tone tangu mwaka uliopita.

"Magnifique!" Monsieur Anaclet akarukia kadi nyeupe. "Nyeupe, hiyo njo transparence!" Akabandika ukutani, eti uwazi.

Papa Kapita naye akaeleza. Alimwona malaika mwenye kofia ya kazini anapima kwa mita kiwanja chake, Papa Kapita, tayari kwa kuweka mashine. Ikaandikwa "rigueur", ukali wa vipimo. Mama mwingine aliona ng'ombe mwenye midomo miwili. Hiyo ikawa "gouvernance", utawala bora, msiniulize ilikuwaje. Mimi nikasema nimeona mwanga. Mwanga hauna mpinzani.

Yule bwana alikuwa karibu kulia. "Kwingine bantu banasemaka tu tunataka bunga, tunataka bunga. Hapa muko na profondeur!"

Nasi wenye kina tulikuwa tunataka unga, mkuu. Ila hukutuuliza.

Ugomvi ukaanzia kwenye viwanja. Pasta Elie akasimama, sauti ya chini, ile ya hatari. "Mungu ni mumoja. Hawezi kuonyesha parcelle mbili kwa mashini moja. Ile vision ingine inatoka fasi ingine."

Kanisa likawa baridi. Kumwambia jirani yako kuwa vision yake imetoka kwa shetani, miaka ile haikuwa utani, mtu aliweza kuhama mtaa. Mama Béa akaanza kufunga kitenge upya, na kwetu mama akifunga kitenge upya katikati ya mazungumzo, jua mazungumzo yamekwisha.

Monsieur Anaclet akajitupa katikati. "Hapana kutupa vision ya muntu! Tunaunganisha! Mashini itakaa katikati ya parcelle mbili."

Makofi, vigelegele, watu wakakumbatiana.

Katikati ya viwanja vile viwili ni barabara. Hakuna aliyeitaja. Kadi ya kijani ikabandikwa.

"Nani bado?" Pasta akauliza. Akatupa macho nyuma. "Papa Mado. Weye ulionaka nini?"

Mume wangu akasimama. "Minye sikuona kintu, Pasta. Nililalaka tu."

Nilitamani sakafu inimeze. Pasta akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa sana, akasema asiyeona kitu hawezi kuwekewa mashine mikononi, na kwa bahati shemeji yake mwenyewe alikuwa ameonyeshwa bisibisi ya dhahabu. Monsieur Anaclet akatazama saa, akasema bila vision ya kila mtu hakuna vision ya wote. Akataja Kapolowe tena.

Kanisa zima likamgeukia mume wangu. Nikamfinya paja. "Sema hata kuku! Sema ulionaka kuku!"

Hakunitazama. Akawa anazungusha kofia yake mikononi.

"Basi mutaandika hii," akasema. "Minaona mayi. Mayi mingi. Niko mu pirogue, navuta wavu. Kazi ilikufa, na minye nachoka kukaa mu kilio yake kila siku. Juma hii nitaenda."

Akakaa.

"Mobilité! Muntu anatembea!" Monsieur Anaclet akapiga kelele, kadi ya bluu juu. "Maji njo ubatizo!" akasema Pasta. Mama Béa akapiga kigelegele. Watu wakampiga Papa Mado mgongoni kwamba kumbe naye ameonyeshwa, na tena kwa kina.

Kanisa zima linashangilia ule mtumbwi, na mume wangu ameniaga kwenda Tshangalele.

Moyo uliniuma, halafu uchungu ukageuka hasira, na mimi nikikasirika huwa nasimama. Nikasimama.

"Ile karata yangu ya mwanga muitupe," nikasema. "Ilikuwa bongo, nilidanganyaka. Sasa njo minaona. Minaona bibi iko mu ile pirogue, nyuma. Iko na mutoto ku mugongo na nyungu ku magoti. Bwana anamuambia rudia ku nyumba. Bibi hasikie. Bibi anakaa tu vile."

Amen likatikisa mabati. Monsieur Anaclet akatafuta kadi ya waridi. "Genre!" akasema, yaani usawa wa jinsia. "Hata genre muko nayo!"

Papa Mado alikuwa ananitazama mdomo wazi.

Kadi zikaunganishwa, vision ya pamoja ikasomwa kwa sauti. Ninavyoikumbuka ni hivi: "Mtaa mweupe, wenye vipimo vikali na midomo miwili, unaokwenda juu ya maji, wanawake kwa wanaume, hadi barabarani." Tuliikubali wote kwa kauli moja. Wako waliolia.

Tuliondoka juma lilelile juu ya lori la mifuko ya makaa, Mado mgongoni. Tulipoanza kuyaona maji ya Tshangalele mume wangu akaniuliza, "Mama Mado, ile vision yako ulionaka siku gani?"

Nikamjibu, "Palepale. Wakati ulikuwa unasimama."

Akacheka, kisha akageuza uso upande wa pili akajifuta macho kwa kofia. Alisema ni vumbi la makaa.

Ziwani hapakuwa peponi. Mbu, homa, nyumba ya nyasi, na mimi nilikuwa sijui hata kuparua samaki. Lakini bukari, ugali wa kwetu, ilipatikana na tuliila wote watatu.

Mashine nayo ilikuja, tuwe wakweli. Ikafungwa barabarani kwenye saruji, bila paa, kwa sababu paa lingeegemea kwa nani? Mwenye bisibisi ya dhahabu hakujua inawashwaje. Masika ya kwanza yakaimaliza. Mara ya mwisho nimepita pale, Mama Béa alikuwa anaanikia nguo upande wake na Papa Kapita upande wake. Huo ndio ushirikiano pekee uliobaki.

Nilichojifunza ni hiki. Tuliweza kukubaliana haraka vile kwa sababu karibu kila mtu alificha alichokitaka nyuma ya maneno mazuri. Pasta alitaka kazi kwa shemeji yake, wawili wale walitaka mashine uani kwao, mimi nilitaka pingu. Ukutani pakapendeza. Mtu mmoja tu alisema analokwenda kufanya, na ni hapo nami nilipopata akili ya kusema langu.

Mado anadai nawachafulia ofisi yao. Baba yake kakaa hapa pembeni, miwani puani, anasoma ninavyoandika, na anasema niwaachie swali lake, mjibu bila kuogopa mabosi.

Huko kwenu, siku ya kutengeneza vision, mtu akisimama akasema "mimi sikuona kitu, nililala tu", mnamfanya nini?