Mzee wa Majivu Kwenye Nyasi Mbichi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu ya rafiki yangu. Na nimechoka kuulizwa ofisini kama siku hiyo nilikuwa nimetafuna miraa. Sikutafuna. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Banissa liko utosini.

Kazi yangu hapa Garissa ni kusoma picha za setelaiti: wapi kuna malisho, wapi kumeungua. Wafugaji wa huku, kabla ya kuhama, humtuma mtu atangulie akazione nyasi kwa macho. Wanamwita sahan. Eddo Habiba, yaani shangazi Habiba kama tunavyomwita kwa heshima, mama wa Takaba ambaye ukame ulimwachia mbuzi wachache tu, alitaka kumtuma kaka yake. Nikamwambia asimchoshe bure, setelaiti imeshaona. Ujuaji wangu huo!

Hata hivyo nilienda Banissa kuhakikisha. Nyasi zilinifika magotini. Mara akatokea mzee, fimbo begani, miguu imejaa majivu, ananuka moshi.

"Wewe ndio mtu ya ramani?" akaniuliza. "Nyasi imeungua yote. Habana leta watu."

"Mzee, si hizi hapa tumesimama ndani yake?"

"Mimi nimetembea hapa. Wewe umetembea wapi?"

Nilikasirika, niamini. Nikainama nimtafutie ramani kwenye simu, kuinua kichwa hayupo. Uwanda mtupu ule, angejificha wapi? Dereva wangu, aliyekuwa hatua chache tu, alisema nilikuwa naongea peke yangu. Nikampigia Habiba simu, nikamwambia waje.

Siku ya nne baada ya wao kufika, moto ukaja na upepo. Watu walitoka salama, alhamdulillahi. Mbuzi wa Habiba waliteketea wote. Picha iliyofuata ilionyesha doa jeusi pale pale tuliposimama na yule mzee.

Kwenye ripoti nilimtaja. Mkubwa wangu akaifuta aya hiyo, akaandika chanzo hakijulikani. Nimeirudisha mara tatu, mara tatu ameifuta, na inaniudhi mpaka leo. Huko Banissa nako hakuna anayemjua mzee wa namna hiyo.

Habiba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Sasa anafua nguo za watu Takaba. Nikimpigia anapokea, ananiuliza hali ya watoto, basi.

Wewe unayekaa na kompyuta ukiwaelekeza watu wahamie wapi, nisikilize. Mtu akikwambia nyasi zimeungua na wewe unazikanyaga mbichi, usibishane naye. Muulize zimeungua lini. Mimi sikumuuliza.