Jiwe Ndani ya Kanda la Tende

Naona haya kuyasema haya, lakini wacha niyaseme.

Mwaka wa sabini, likizo ya joto ilipokwisha, mwalimu wa timu yetu hapa Maskati alitangaza kwamba golikipa aliyenenepa hachezi. Kabla ya likizo, mimi na golikipa mwenzangu, Nassor, kila mmoja alilingana na kanda moja kubwa la tende, mfuko wa ukili, kwenye mizani ya sokoni Matrah; sasa kanda lilelile ndilo lingetupima tena. Likizo nzima mimi nilizunguka nyumba za jamaa waliokuja kutoka Unguja, na kila nyumba halwa. Ukikataa, wananuna.

Siku ya kupimwa, roho juu, niliwahi sokoni nikachomeka jiwe ndani ya lile kanda.

Akaitwa Nassor kwanza. Alipokaa tu, kitanga chake cha mizani kikaruka juu.

"Mwanangu, una maradhi gani?" mwalimu akashtuka. "Huchezi mpaka daktari akuone."

Nassor akajipapasa mbavu, machozi yakimlengalenga. "Nnakula, mwalimu. Wallahi nnakula!"

Akaanza kuvua jezi.

"Mwalimu," nikasema, "Nassor hajapungua. Kanda ndilo lililonenepa."

Timu nzima ikageuka kunitazama tumbo.