Konokono Asiye na Jina

Jirani yangu fundi saa alikuwa na kanuni moja: kiumbe asiyejulikana haingii kwenye tangi lake la maji ya chumvi, alimofuga chaza wake; hukaa kwenye ndoo mpaka ajulikane. Jumapili ile nilimkuta amebana lenzi ya kazini jichoni, ameinama juu ya konokono aliyetoka kwenye jiwe jipya alilonunua kwa ajili ya tangi. "Jirani, njoo uone! Ana mistari ya dhahabu, na kitabuni hayumo!" Akapima gamba kwa rula, akacheka peke yake, akapima tena.

"Huyo mgeni akae kwenye ndoo, baba watoto," mkewe alisema kutoka jikoni.

"Mgeni gani? Hii ni bahati!" Akamtumbukiza tangini, nami niliyezoea kumsifu kwa msimamo nikamshikia tochi.

Siku ya nne alinigongea mlango na kitabu kingine. "Jina nimelipata!" Alinisomea kwa sauti ya juu, akichekacheka, mpaka alipofika kwenye chakula: hutoboa gamba la chaza na kumla. Tulikimbilia kwenye tangi. Kwenye gamba la chaza wake kulikuwa na tundu dogo la mviringo, safi kama kazi ya fundi. Chaza huyo alikuwa amemlea miaka tisa.