Namba ya Mama

Juzi kule gare ya treni niliona kijana akiandika namba ya wago ya mizigo kwa chaki, nikacheka peke yangu.

Papa alikuwa mutu wa reli. Alituambia wago bila namba inapotea njiani. Basi, muchana mumoja, nikiwa mutoto, Mama alilala na homa, chumba kikinuka majani ya mukaratusi. Nyumba za kambi yetu ya reli zilifanana zote. Nikaogopa Mungu atakosea, aponyeshe mama wa jirani. Shule sikusoma sana, lakini namba nilizijua. Nikamuandika Mama namba ya nyumba yetu kwa chaki kwenye paji la uso.

Jioni homa ikashuka. Mama akajiona kwenye kioo, akacheka, akaomba bukari ya kula.

“Mutoto huyu!” Papa akasema. “Mungu alimujua mama yako mbele ya mimi kumuoa.”

“Na wewe alikujua,” Mama akajibu. “Njo maana alikupa mimi.”