Rahmo Aliyeomba Baa

Rahmo Nunow aliajiriwa kufagia maktaba ya zamani ya Garissa mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wa babake kule Balambala. Alikuwa hajui herufi hata moja. Kwa miaka alipangusa vumbi vitabuni na kuwafukuza mbuzi waliokuja kulala kivulini, hadi siku alipomkuta beberu anatafuna kamusi. Alimchapa kwa ufagio huku akimwambia kwa Kisomali kwamba hata aimalize yote atakufa mbuzi. Wilkister, mkutubi wetu wa wakati huo, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe hataki kuionja hiyo kamusi. Ndivyo alivyoanza kusoma, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Mimi nayajua haya kwa sababu ni kama samani ya maktaba ile. Nilikuja kufundisha Kiswahili, nikastaafu, nikakosa sababu ya kurudi Kitui, na sasa kila asubuhi nasoma gazeti la jana.

Siku hizi Rahmo ndiye mwalimu. Kila Jumamosi kina mama kumi na mmoja wauza maziwa ya ngamia huacha madumu yao mlangoni na kukaa naye chumba cha nyuma kujifunza kusoma. Mkubwa wao, Qali, anashikilia kwamba O ndiyo herufi pekee yenye akili. Chumba kina kasoro moja tu: paa linavuja. Mvua kwetu ni nadra, lakini ikija huwahi darasani kabla ya wanafunzi.

Basi ikaja habari ya ukarabati. Kampuni moja ya Nairobi ikamtuma Injinia Kioko, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa mchanga wetu. Akatuita mkutanoni, akatueleza kwamba maktaba itakuwa "nafasi nyumbufu ya jamii": rafu zitawekwa magurudumu, kuta zitakunjwa, asubuhi usome, jioni uoe. Alisema "nyumbufu" mara tisa. Mimi niliyelifundisha neno hilo sikumwelewa.

Akauliza wananchi wanataka nini. Rahmo akasimama.

"Injinia, hii gurudumu bakia nayo. Sisi nataka baa. Chumba ya nyuma, kwanza baa. Mama nataabika miaka mingi, wallahi, bila baa."

Kioko akakodoa macho. "Baa, mama? Una uhakika?"

"Baa! Tena kubwa, ya kutosha watu wote."

Akaandika. Huku kwetu P ikifika mdomoni hugeuka B, na ukikaa wiki mbili sikio linazoea. Kioko alikuwa amekaa saa mbili. Ningeweza kumnong'oneza. Sikufanya hivyo, nilikuwa nauma leso nisicheke, nikitamani tu kuona mambo yatafika wapi.

Yalifika mlangoni wiki tatu baadaye, yamebandikwa kwa gundi: mchoro wa rangi, chumba cha nyuma kimeandikwa BAA, kaunta moja, viti virefu kumi na viwili. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Kwa ombi la Bi. Rahmo Nunow." Na Kiswahili nacho kina ujeuri wake, baa pia ni balaa.

Mji ukachafuka. Mzee Billow, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, ambaye siku ya mkutano alikuwa Masalani, alifunga chumba cha nyuma na kusema darasa limevunjwa mpaka ijulikane huyu mama anawafundisha wenzake nini hasa. Nilimfuata nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyelewa tayari.

"Maalim, injinia mzima, na muhuri wake, akosee?"

Karatasi yenye muhuri haina matamshi. Sokoni Rahmo alikuwa ameshaitwa Mama Baa. Alikuja mezani kwangu, akasimama.

"Maalim, wewe ulikuwa haba siku ile. Ulisikia nasema nini?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyeuza jina la mwenzake kwa kicheko.

Mkutano wa pili ulijaa hadi madirishani. Kioko alirudishwa kutoka Nairobi. Mzee Billow akafungua kwa dua, kisha akamgeukia Rahmo, na kwa ajili ya mgeni akauliza kwa Kiswahili.

"Mama, sema ukweli mbele ya watu. Uliomba baa, ama uliomba baa?"

"Niliomba baa," akajibu Rahmo.

Kioko akatandaza mikono. "Si mmesikia wenyewe?"

Nikainuka nisaidie. Rahmo akaniashiria nikae. "Wewe siku yako ilibita."

Akaubandua mchoro mlangoni, akaugeuza, akaomba kalamu nene ya Kioko. Aliandika polepole, herufi tatu kubwa, ya kwanza akiikaza mguu usipinde. Hakumwonyesha Kioko wala Mzee Billow. Aliuinua kuelekea nyuma, walikoketi wauza maziwa.

"Someni."

Wanawake kumi na mmoja, ambao mji mzima ulijua hawajui kusoma, walinyoosha shingo. Qali alifuatisha kwa kidole hewani. Halafu wote kwa pamoja, kwa sauti iliyowashtua waliokuwa madirishani:

"BAA!"

Kioko aliitazama ile P, akatazama bati juu ya kichwa chake, akasema "Ala!" Mzee Billow alikuwa hamtazami Kioko wala Rahmo. Alikuwa anawatazama wale wanawake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jumamosi kuna nafasi ya mkewe.

"Nafasi iko," akasema Rahmo. "Lakini mwambie akuje na mwafuli. Baa bado."