Walburga Alipofungwa Kwenye Keria

Walburga Ngonyani alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika mjini Songea kwa miaka ishirini na miwili, mpaka ilipotangazwa kwamba biashara sasa ni huria, na ofisi ikagundua kuwa ina watu wengi kuliko kazi. Walipunguzwa thelathini na wanne kwa barua moja. Barua hiyo aliichapa yeye mwenyewe, jina lake likiwa la kumi na tisa, na hakukosea hata herufi. Walimwachia taipureta, kwa kuwa hakubaki mtu wa kuitumia.

Akawa anashinda barazani kwake Lizaboni, kando ya barabara, na hapo ndipo alipowaona nguruwe. Si kwamba zamani hawakupita. Zamani yeye alikuwa kazini. Kila asubuhi baiskeli ziliingia kutoka Maposeni, nguruwe amelazwa chali juu ya keria, miguu minne imefungwa kwa mpira wa tyubu, kichwa kinaning'inia karibu na lami, na analia tangu nyumbani mpaka jikoni kwa wauza nyama. Watu walimsalimia mwendesha baiskeli, wakamuuliza habari za mvua huko atokako.

Walburga alifanya alilolijua: aliandika barua. Yah: Usafirishaji wa nguruwe wakiwa chali. Ofisi ya mifugo ilimjibu kwamba mnyama akishafika barabarani ni suala la polisi. Polisi walisema mzigo wa baiskeli ni suala la kata. Kata ikasema nguruwe, kwa kuwa Waislamu hawamli, ni suala la kanisa. Paroko alimsikiliza kwa upole, akaahidi kumwombea, wala haikueleweka ni yeye au nguruwe.

Ndipo akatangaza mgomo. Katika sala za jumuiya, Alhamisi jioni, aliwaomba kina mama wasinunue wala kupika nguruwe mpaka watakapoletwa mjini wameketi. Walikubali wote. Kisha Dorine, mwenyekiti wao, akauliza kama mgomo unahusu na mbavu. Mwingine akauliza kuhusu mchuzi. Ikaamuliwa kwamba harusi, ubatizo na upadrisho visiguswe, na kwa kuwa ilikuwa baada ya Pasaka, hapakuwa na Jumamosi isiyo na harusi. Aliyeshika mgomo bila masharti alikuwa jirani yake Mwanahawa, muuza korosho kutoka Tunduru.

"Mimi, alhamdulillahi, nimegoma tangu nizaliwe," alisema, na Walburga akaliandika jina lake mwanzoni mwa orodha ya wagomaji. Baada ya wiki tatu lilikuwa ndilo jina pekee lisilo na doa.

Jumamosi moja alimsimamisha Pankrasi, mmoja wa wale waendesha baiskeli wa Maposeni, mtu mpole, aliyekuwa ameshateremsha mzigo wake na anarudi nyumbani. Alimwomba amfunge juu ya keria kama anavyomfunga nguruwe, ampeleke sokoni.

"Shikamoo, mama," alisema Pankrasi. Alikwisha kumwamkia, lakini alidhani labda salamu ya kwanza haikufika.

Alikataa. Alimweleza kwamba mtu akifungwa hivyo ataumia: mbavu zinabanwa, damu inashuka kichwani, miguu inakufa ganzi, na kwenye kila shimo shingo inapata kishindo chake. Alieleza yote taratibu, hatua kwa hatua, kama fundi. Walburga akamuuliza ameyajuaje.  Pankrasi akauegemeza usukani ukutani na kuchukua mpira.

Walburga alivaa suruali ndani ya kitenge kwa ajili ya heshima. Kifuani alibandika karatasi: MIMI NI KILO SABINI NA NANE, NIULIZE SAFARI IMEKUWAJE. Ila herufi za taipureta ni ndogo, hivyo aliyetaka kusoma ilibidi amwinamie kama daktari. Alikuwa amepanga kwenda kimya, kwa hadhi. Kwenye shimo la kwanza alipiga ukelele, na hakuacha. Wengine walidhani ni mgonjwa anawahishwa hospitali. Mmoja alivua kofia.

Karibu na soko askari wa barabarani aliwasimamisha, akamwambia Pankrasi kwamba ni kosa kumbeba abiria namna ile, maana mtu si mzigo.

"Afande, andika hivyo hivyo," sauti ya Walburga ilitoka chini. "Na nguruwe?"

Askari alifikiri. Akasema nguruwe ni mzigo.

"Mzigo gani unaolia?"

Umati ulikuwa mkubwa sasa, na hakuna aliyecheka. Askari aliagiza mama afunguliwe, akamwandikia Pankrasi onyo: abiria mmoja, chali.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa hiyo kabla ya Jumatatu wagombea wawili walikwisha kumtembelea Walburga, mmoja akiahidi sheria na mwingine akiahidi tume. Aliyefanya kitu ni Edmund, mwenye baa ya nyama ya nguruwe. Alipaka maneno ukutani: NGURUWE WETU HUJA WAMEKETI. Akawaagiza kina Pankrasi watumie matenga marefu ya mianzi, yenye majani ndani. Wateja wakahamia kwake. Baa nyingine zikalazimika kuiga, na baada ya miezi miwili kila nguruwe aliingia mjini amekaa, anatazama huku na huku kama ofisa aliye ziarani.

Watu, dhamiri zikiwa safi, walikula nguruwe kuliko zamani. Hata Dorine alirudi kwenye mbavu bila kusubiri harusi. Barazani, Walburga alihesabu: zamani walipita sita kwa asubuhi, sasa kumi na watano.

"Nimewatafutia usafiri," alimwambia Mwanahawa, "nikawaongezea safari."

Edmund alimwalika awe mgeni rasmi kwenye baa yake, akamwekea sahani iliyojaa. Walburga alikuwa akiipenda nyama ile tangu utoto, jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliitazama kwa muda. Kisha akashukuru, akala ndizi, akarudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi moja Pankrasi alisimama kwake kuomba maji ya nguruwe. Alisema siku hizi kelele hazipo, na njia ni ndefu, kwa hiyo huwa anazungumza nao.

"Mnazungumza nini?"

"Mvua, mama. Na mbolea ilivyopanda bei."

Walburga alileta beseni. Nguruwe alitoa kichwa nje ya tenga, akanywa yote, akainua pua yenye matone. Walburga akaongeza mengine. Nguruwe hakuyamaliza, kwa kuwa Pankrasi alipaswa kufika kwa Edmund kabla ya saa mbili.