Udongo Ndani ya Friji Yangu

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, miaka ya themanini. Mpangaji wangu hapa Mtopanga, Salim bin Mbwana, aliweka chupa ya udongo ndani ya friji yangu.

"Watoka jangwa la barafu, Bibi. Hauna uhai; natafuta humo mabaki ya viumbe waliokufa. Ndio mtihani wangu wa chuo."

Jangwa gani lina barafu? Mimi nikasikia wafu tu. Wallahi nikajua narogwa! Nikaumwaga, nikaijaza chupa udongo wa banda langu la kuku.

Juma la pili Salim akamleta mwalimu wake, Bi Zuhura Athmani. "Mwalimu, udongo huu una uhai tele! Dunia itashangaa!"

Bi Zuhura akaunusa. "Salim, huu wanuka mavi ya kuku."

Salim akanigeukia. "Bibi!"

Na uzee wangu wote, nikamwitikia kijana yule kama mkubwa wangu: "Abee."